Mwisho Nilioubadilisha

Iringo, Musoma
Jumatano, alasiri

Nyangeta mwanangu,

Umekwenda Kiabakari kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda mpaka jua litakapozama. Nimefunga mlango wa mbele ili majirani wadhani na mimi nimeondoka.

Sitakuandikia habari za mizigo, wala za maji ya Dar es Salaam, wala za kuangalia simu yako ukiwa stendi. Hayo mama yako mdogo Veronika ameshakutumia kutoka Bunda tangu jana, meseji kumi na kitu, zote kwa herufi kubwa. Yafuate. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la zamani.

Ni kile kitabu chenye jalada la bluu. Jumapili ulikikuta kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vyangu, ukakifuta vumbi kwa upindo wa kanga ukaniuliza, "Mzee, si ulisema kililiwa na mchwa?" Nikajibu kwamba labda nilikichanganya na kingine. Ukacheka sana. Ukasema, "Mwalimu wa Kifaransa ambaye hajafika hata Bujumbura, na vitabu vyake mwenyewe anavisahau." Kisha ukakitia kwenye mkoba wako wa mkononi na kunionya nisikusimulie chochote, kwa kuwa unataka kukisoma mwenyewe ndani ya basi kesho, neno kwa neno, kwa Kifaransa chake.

Ni kitabu chembamba. Utakimaliza kabla ya Shinyanga. Na mwisho utakaoukuta humo siyo ule niliokusomea ulipokuwa na miaka tisa. Mama yake Elodi, yule msichana wa dirishani, harudi nyumbani. Anakufa. Mwandishi aliandika hivyo, na mimi nikabadilisha.

Nimeona niliandike hilo mapema, lisijifiche nyuma ya maelezo. Mimi ni mtu wa maelezo, unanijua. Darasani walikuwa wakinitania kwamba nikiulizwa saa ngapi, naanza na jinsi saa inavyotengenezwa. Sasa naomba uvumilie maelezo yenyewe, kwa sababu nikikuacha na sentensi hiyo moja utadhani nilibadilisha kwa kutojua lugha.

Unamkumbuka kwa jina Madamu Odile, yule mama wa Kifaransa aliyefundisha pamoja nami kwa miaka miwili, kabla hujazaliwa. Aliporudi kwao alipata kazi kwenye duka la vitabu vya watoto, na kila mwaka alinitumia kifurushi kwa posta. Ndani yake mlikuwa na hadithi mpya za watoto na vijana, karibu zote kutoka kampuni moja ya uchapishaji ya huko Ufaransa. Aliniandikia kwamba anawapenda wachapishaji wale kwa sababu hawawadanganyi watoto. Nilicheka niliposoma hayo. Nilidhani ni maneno ya mtu anayeuza vitabu.

Nyuma ya kila kitabu walichapa umri wa msomaji. Kuanzia miaka saba, kuanzia kumi, kuanzia kumi na mitatu. Jambo hilo lilinishangaza. Kwetu hadithi ilimwangukia yeyote aliyekuwa karibu na moto, mkubwa na mdogo, na anayesinzia alisinzia. Wenzetu wanakaa mezani na kuamua kwamba huzuni hii ni ya miaka kumi na mitatu, hii bado. Kile cha bluu kilikuwa na namba kumi na tatu. Nilikiona. Wewe ulikuwa na tisa, na nilikichagua kwa sababu kwenye jalada kulikuwa na msichana anayechungulia dirishani na ukasema amefanana na wewe, ingawa hakufanana na wewe hata kidogo.

Mwaka ule ndio mama yako alikuwa mgonjwa chumba cha pili. Unaujua ugonjwa wake kwa jina, ulishaniuliza na nilikujibu. Usilolijua ni kwamba ukuta kati ya chumba kile na sebule ulikuwa wa mbao, na kila nilichokusomea alikisikia.

Nilikuwa nakusomea baada ya kula. Macho yangu yalisoma Kifaransa na mdomo wangu ukatoa Kiswahili hapo hapo, nawe uliamini kwamba kitabu ndicho kinachosema. Elodi ana miaka kumi na miwili. Anakaa ghorofa ya tatu karibu na reli. Mama yake amepelekwa hospitali. Elodi anajitungia sheria: kama hataondoka dirishani, mama atarudi. Anakula hapo, anafanya mazoezi ya shule hapo, anasinzia hapo. Mpaka sura ya tisa nilikusomea kama ilivyoandikwa, sikuongeza wala sikupunguza.

Sura ya kumi niliisoma mwenyewe kwanza, mchana, chumba cha walimu. Niliporudi nyumbani jioni sikuweza kuitamka.

Hapa lazima nikueleze kuhusu bibi yako, yule ambaye umebeba jina lake na ndiyo maana nakuitaga mama. Pale Butiama, jioni, alikuwa anatusimulia hadithi tukiwa tumemzunguka kama vifaranga, watoto wa nyumba tatu. Hakuna hadithi aliyoisimulia mara mbili kwa namna moja. Aliangalia nani ametoka kuchapwa, nani amelala njaa, nani ameachwa na mama yake aliyekwenda kuolewa kwingine, akaupinda mwisho kwa ajili ya huyo. Na alikuwa na mwiko mmoja. Kukiwa na mgonjwa ndani ya boma, katika hadithi zake hakufa mtu. Hata zimwi halikufa, lilikwenda safari. Niliwahi kumuuliza, nikiwa na miaka saba, mbona yule mchunga ng'ombe juzi alizama mtoni na leo amevuka. Akaniziba mdomo kwa kiganja, kile kiganja chenye harufu ya maziwa na moshi.

"Mdogo wako ana homa mle ndani," akasema. "Unataka kuita nini?"

Asubuhi mdogo wangu aliamka mzima, akaomba uji. Sasa najua alipona kwa vidonge vya zahanati ya misheni. Lakini hayo niliyajua kwa kichwa tu. Nilisoma mpaka chuo kikuu, nimefundisha lugha ya watu miaka thelathini na moja kwa jumla, na siku nilipokaa sebuleni na kitabu kile mkononi, mama yako akikohoa upande wa pili wa mbao, kiganja kile kilikuwa bado juu ya mdomo wangu.

Nikapinda. Nikakuambia Elodi alikaa dirishani siku thelathini bila kuondoka, na siku ya thelathini na moja mama yake alishuka kwenye teksi na kupanda ngazi mwenyewe, kwa miguu yake. Nikaongeza kwamba Elodi hakutoka kumlaki hata alipoliona gari, kwa kuwa sheria ilisema asubiri mpaka mama aingie mlangoni. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Lilikuja lenyewe, lilipendeza, nami nikaliachia. Hadithi ya uongo inahitaji kitu kimoja chenye ncha ili iaminike, na mimi nilikuwa mwalimu mzuri wa insha.

Ulipiga makofi. Uliniomba nirudie sehemu ya ngazi. Nikairudia, na mara ya pili ilitoka vizuri zaidi.

Bibi yako alipopinda hadithi, kila mtu pale motoni alijua kwamba anapinda. Kesho yake ingekuwa nyingine. Hilo ndilo sikuliona. Mimi nilipinda kitu kilichochapwa, nikiwa nimekishika mkononi, nikipitisha kidole kwenye mistari. Nilikupa neno la mama yangu nikalipigia muhuri wa kitabu. Mtoto hawezi kubishana na kitabu. Nilishakufundisha mwenyewe kwamba kilichoandikwa hakibadiliki ukigeuza macho.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mama yako alihamishiwa Mwanza, wewe ukapelekwa kwa mama yako mdogo, mtaa wa Manyamanyama, ili usome shule ya pale Bunda kwa muda. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi. Kila nilipopita hapo nilikukuta umebadilisha kitanda, umebadilisha kiti, ili uwe karibu na dirisha linalotazama barabara. Veronika alilichukua kama mchezo.

"Shemeji, huyu mtoto wako amekuwa mlinzi wetu," aliniambia. "Anakaaga hapo toka anarudi shule. Hata kula anakulaga hapo hapo. Mwizi akija tutakuwa tumeshamjua jina."

Nikacheka naye. Nilielewa saa ile ile, na nikacheka.

Siku ya gari uliiona kupitia kwenye kioo. Mimi nitakuambia jinsi ilivyokuwa nje. Madaktari walikuwa wametuambia turudi nyumbani. Walisema kwa upole, kwa sentensi ndefu, lakini maana yake ilikuwa fupi. Nilikodi gari, tukamlaza mama yako kiti cha nyuma akiwa ameegemea mito miwili, tukaondoka Mwanza alfajiri kwenda Butiama. Tulikuwa tumekubaliana, mimi na yeye, kwamba tutasimama Manyamanyama akuone. Njia nzima hakuuliza kitu kingine. Tumefika wapi. Bado sana? Tumefika wapi sasa.

Tulisimama mbele ya nyumba ya Veronika saa nne asubuhi. Ulikuwa dirishani. Mama yako alikuona kabla yangu. Akainua mkono, siyo juu sana, kama mtu anayezuia jua. Nawe hukuinuka.

Nikaingia ndani. Veronika alikuwa anakuvuta mkono na wewe umeshika nondo za dirisha.

"Shemeji, toto lako limegoma," akasema. "Njoo ulione. Mama yake amekuja, lenyewe linasema halitokagi."

Nikapiga magoti pembeni yako. Nitakuandikia tulivyosema, kwa sababu sijui wewe umebaki na maneno gani.

"Mama, twende ukamsalimie mama."

"Hapana. Aingie mwenyewe."

"Hawezi kutembea leo. Amechoka na safari."

"Basi nitamsubiri mpaka aweze. Baba, nikitoka nitaharibu."

"Utaharibu nini?"

Ukanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenzake mzito wa akili. "Si ulinisomea? Elodi hakutoka hata alipoliona gari."

Hapo ndipo, Nyangeta. Kama kuna dakika moja ambayo ningeomba nirudishiwe, siyo ile ya Mwanza wala ile ya makaburini. Nilihitaji kusema maneno manne: mwisho ule niliutunga mimi. Ungenipiga, ungelia, ungetoka mbio mpaka kwenye gari. Lakini kukuambia kwamba niliutunga ilikuwa sawasawa na kukuambia kwamba mama yako anakufa, nami nilikuwa bado sijalisema hilo kwa sauti mahali popote, hata peke yangu. Ningeweza pia kukubeba kwa nguvu. Ulikuwa mwepesi. Nikaogopa macho yako. Dereva akapiga honi, akaita kupitia mlangoni, "Mwalimu, twende. Jua hili siyo la mgonjwa."

Nikakuambia, "Haya, subiri basi." Nikakupa ruhusa. Nikatoka.

Mama yako aliniuliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Amelala."

"Saa nne hii?"

Alikuwa amekuona, na alijua kwamba najua amekuona. Akasema, "Basi usimwamshe."

Tulipita mji wa Bunda. Huko mbele, barabara ilipokuwa tupu, aliniambia bila kunigeukia, "Ni ile hadithi yako ya dirisha, eti?"

"Ulisikia?"

"Mbao zile zinaficha nini? Nilijua unaongopa. Ukiongopa sauti inakuwaga tamu." Akapumzika kidogo, maneno yalikuwa yanamchosha. Kisha akauliza, "Kwenye kitabu chenyewe, yule mama alipona?"

Nikatazama nje. Nilihesabu mbuzi. Naye akasema, "Haya." Kisha akaongeza, "Mtoto akikua kidogo, mwambie. Asije akadhani ni yeye."

Nikasema nitakuambia. Hiyo ndiyo ahadi ya mwisho niliyompa mke wangu. Alikufa siku ya tatu, nyumbani Butiama, asubuhi, wakati watu wanakamua. Wewe uliletwa siku ya mazishi.

Asije akadhani ni yeye. Alikuwa amekuona kwa muda wa kuinua mkono tu, tena kwa mbali, na alijua. Mimi nilikuwa na wewe nyumba moja kwa miaka iliyofuata na nilisubiri mpaka ukaja kunieleza mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tunachambua dagaa pale nyuma ya nyumba. Ukasema, bila kuinua kichwa, "Baba, siku ile mlivyoondoka na gari, mimi niliacha dirisha. Mama mdogo aliniita nikanywe uji, nikaenda. Nilikaa jikoni mpaka nikamaliza kikombe."

Ulikuwa umelibeba hilo kwa miaka miwili. Kikombe cha uji.

Nilikuambia siyo kosa lako. Nilisema hivyo kwa sauti nzuri sana, nikakushika kichwa. Lakini sikukuambia kwa nini siyo kosa lako, na maneno yale bila sababu yake ni hewa. Mtu mzima yeyote angemwambia hivyo mtoto yeyote. Ulitikisa kichwa kukubali, ukaendelea kutoa mchanga kwenye dagaa, nami nikaona wazi kwamba hukuniamini. Jioni ile nilikitoa kitabu kwenye rafu nikakifungia kwenye sanduku.

Ulipofika kidato cha tatu ukaanza kusoma Kifaransa nami kwa bidii ya kuogopesha, ukakiulizia. Nikasema mchwa. Nilitaja na mwezi. Nilieleza jinsi mchwa wanavyoanza na gundi ya mgongo wa kitabu kabla ya kuingia kwenye karatasi, maelezo marefu, na yote ni ya kweli kuhusu mchwa.

Kila uongo wangu kwako umekuwa na elimu ndani yake. Nimeliona hilo wiki hii tu, na limenitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Sasa umepata kazi hii ya kutafsiri, Dar es Salaam. Mwezi uliopita ulinipigia simu ukiwa bado kwenye ngazi za ofisi yao, unahema. Ukaniambia wanataka kutoa kwa Kiswahili hadithi mpya za watoto na vijana za wale wale wachapishaji wa Ufaransa, tano kwa kuanzia, na wewe utafsiri mbili. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Kisha ukasema walikuuliza kwenye usaili kwa nini unataka kazi hiyo, nawe ukawasimulia kuhusu kitabu cha zamani cha wachapishaji hao, ambamo msichana anasubiri dirishani mpaka mama yake anarudi. Ukasema bosi wako mtarajiwa aliacha kuandika, akakusikiliza, akakuambia ukikipata ukilete, wanaweza kukiongeza. "Nimewaambia baba yangu ndiye mfasiri wa kwanza," ukasema. "Mzee, utakuja kutajwa."

Nikasema haloo, haloo, kama nisiyesikia. Ungeweza kudhani ni mtandao.

Nilikuwa na mwezi mzima wa kukuambia. Nilijaribu Jumamosi tulipokwenda Butiama kufyeka makaburi. Ulikuwa unang'oa majani pembeni ya jina la mama yako, ukamwambia yeye, siyo mimi, kwamba unaondoka. Nikafungua mdomo. Ukageuka ukaniuliza kama nina kiu. Nikasema ndiyo.

Nimefikiri pia, sitakuficha, kukitoa kitabu kwenye mkoba wako leo wakati hupo na kukificha tena. Nimeushika mkoba. Nimefungua zipu. Nikaona kwamba nikifanya hivyo nitakufa bila kukuambia, nawe ukiwa mzee utakuja kumweleza mjukuu wako habari za kikombe cha uji.

Kuna jambo moja kuhusu mwandishi yule ambalo lazima ulijue kabla ya kesho, kwa kuwa ndilo baya kuliko yote. Niliposoma sura ya kumi pale chumba cha walimu nilimkasirikia. Nilisema hawa wenzetu hawana huruma, watoto wanawaandikia vifo. Nilikielewa kitabu chake miaka miwili baadaye, siku ile ya dagaa, nilipokifungua kabla ya kukifungia. Hakukiandika ili amuue mama wa Elodi. Alikiandika kwa ajili ya sheria ile ya dirisha. Alijua kwamba watoto wa wagonjwa wanajitungia sheria kama zile, kila mahali, na kwamba sheria ikishindwa mtoto anabaki na hatia ambayo hakuna anayeijua. Kurasa mbili za mwisho ziliandikwa kuivunja sheria hiyo. Ziliandikwa kwa ajili yako. Zilitoka huko kwa posta, zikavuka bahari, zikafika mkononi mwangu wiki chache tu kabla hujazihitaji, na mimi niliyekuwa mtu pekee wa mji huu mzima anayeweza kukusomea, nikazigeuza zikawa sheria yenyewe.

Usinijibu kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa nayo. Mama yako alikuwa nayo pia na alisema kweli ndani ya gari.

Sijui utafanya nini na haya. Nimejaribu kufikiria ukinijia baada ya kusoma, na kila sura ninayokupa usoni najikuta nimeichagua mimi kwa faida yangu. Kwa hiyo nimeacha. Barua hii nitaiweka juu ya mkoba, nami nitakwenda kukaa kwa jirani mpaka saa ya kula. Ukitaka kuondoka kesho bila kuongea nami, basi linaondoka saa kumi na mbili, na Veronika atakungoja Bunda barabarani kukupa mkono kupitia dirishani. Yeye hajui chochote. Alikuita kunywa uji kwa sababu ulikuwa hujala tangu asubuhi.

Katika kazi yako, nina neno moja tu, nalo nimelilipia. Utakutana na ukurasa ambao hutaweza kuutamka. Ukishindwa, kiache kitabu kizima, mpe mwingine. Usibaki nacho nusu.

Kitabu nimekitoa mkobani kwa kazi moja tu na nitakirudisha: nimekaa na kurasa zile mbili tangu saa nane. Nimezitafsiri kwa mkono, nimefuta mara nyingi. Wewe utafanya vizuri kuliko mimi, lakini nataka uzisikie kwanza kutoka kwangu, kwa kuwa ni mimi niliyezizuia. Ni jioni baada ya mazishi. Elodi anaingia jikoni, baba yake anachemsha tambi.

*"Niliondoka," Elodi akasema. "Siku ya Alhamisi. Nililala kitandani kwangu usiku mzima, sikuwa dirishani."*

*Baba yake akapunguza moto. "Ungekaa pale mwaka mzima, angekufa Alhamisi," akasema. "Dirisha halikuwa na kazi yoyote. Wala wewe."*

*"Ulijua?"*

*"Nilijua."*

*"Tangu lini?"*

*"Tangu kiangazi."*

*Elodi akavuta kiti. Baba akaweka sahani mbele yake. Elodi hakumtazama. Alikula polepole, kisha haraka, kwa sababu alikuwa na njaa. Alipomaliza akaosha sahani yake, ya baba yake akaiacha, akaenda kulala.*

Hapo ndipo kitabu kinapoishia. Nimegeuza ukurasa kuangalia kama kuna kingine, na nyuma yake ni karatasi nyeupe. Hakuna mahali ambapo Elodi anamsamehe baba yake. Mwandishi hakuandika, nami sitaongeza.

Baba yako